Mwaka Daktari Nyamizi Aliposomea Damu Kibaha

Vijana wangu wa maabara, mmenisumbua niandike habari za kazi kabla sijazisahau. Haya, naandika. Ila habari za vyeo msizitegemee. Cheo changu cha kwanza kilikuwa mwosha chupa, na cha mwisho kilikuwa na jina refu la kujaza mdomo, lakini chupa nilikuwa bado naziosha. Mishahara nayo tuiache, nisije nikawavunja moyo. Shule nilifika darasa la pili kule Kisarawe, nikatolewa kwenda kulinda mihogo isiliwe na nguruwe. Kuandika barabara nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, tayari nina ndevu. Kwa hiyo mkiona sentensi inazunguka, iacheni izunguke, itafika.

Nilianza kazi Kibaha Uhuru ukiwa bado mpya, bendera hazijapauka. Mkubwa wa maabara alikuwa Bwana Mkude, Mluguru, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni sijui pa kuweka mikono. Akanitazama kichwani hadi miguuni.

"Mzaramo?"

"Ndiyo, mzee. Naitwa Kondo. Wa Kisarawe."

"Basi tumekwisha. Kesho utaniomba ruhusa ya harusi, keshokutwa ya arobaini."

"Na wewe mzee kaa taratibu kwenye hicho kiti, huko milimani kwenu nasikia mnakaa kwa kujiegesha, msije mkabingirika."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Hapo nikajua nitadumu.

Mwaka mzima sikugusa hadubini. Nilifundishwa kuosha kioo kwa sabuni, kukisuuza kwa maji ya bomba mpaka mkono ufe ganzi, kisha maji ya mvuke, kisha kukianika kimeinama. Mkude alikuwa akikishika kwenye mwanga wa dirisha. "Sabuni ikibaki, seli zinapasuka," alisema, "na daktari ataandika ugonjwa. Mgonjwa hana kitu. Kinachoumwa ni kioo." Siku aliponiruhusu kuchungulia, niliona kope zangu mwenyewe nikamwambia naona nyasi. Kwa muda mrefu baada ya hapo akipita nyuma yangu alikuwa akiuliza, "Kondo, nyasi zinaendeleaje?"

Ugonjwa wa kwanza nilioujua kwa macho yangu ulikuwa sikoseli. Unaweka tone la damu, unaongeza dawa inayonyonya hewa, unafunika kioo kwa kioo, unaziba pembeni kwa vaselini, unasubiri. Seli za kawaida zinabaki duara kama vitumbua. Za sikoseli zinajikunja kama mundu. Wazee wetu waliwaona watoto hao tangu zamani, macho ya njano, viganja na nyayo vimevimba, wanalia viungo wakati wa baridi. Walisema wamechezewa. Sisi tulisema ni damu, lakini tukiulizwa damu imeingiaje humo, tulikuwa tunakohoa na kuangalia pembeni.

Kipimo chetu kilikuwa na kasoro moja. Kilituambia mundu upo. Hakikutuambia kama mtu ni mgonjwa au amebeba tu, maana kuna watu wamebeba mundu mmoja toka kwa mzazi mmoja na wanalima, wanacheza mpira, hawaumwi lolote. Mgonjwa ni yule aliyepata miwili, mmoja kwa baba, mmoja kwa mama. Haya nayasema leo kama naelewa tangu tumboni. Nilifundishwa na Daktari Nyamizi.

Alikuja katika miaka ile watu wanahamia vijiji vya ujamaa, kila barabara ina mtu na godoro kichwani. Alishuka kwenye Landrova na sanduku la bati, mrefu, mwembamba, Mnyamwezi wa Tabora, sauti yake ukiisikia unadhani anaita ng'ombe. Nikamsaidia sanduku. Lilikuwa zito kama jiwe la kusagia.

"Shikamoo, daktari," nikasema, ingawa nilimzidi umri, maana udaktari ni udaktari.

"Usinizeeshe, Ndugu Kondo. Shikamoo wewe."

"Marahaba. Sasa daktari umeshakuwa daktari, unasomea nini tena?"

"Nasomea kwa nini mtoto anazaliwa na ugonjwa ambao baba hana na mama hana. Nataka niwe mtaalamu wa kuupima. Inaitwa jenetiki."

"Kumbe elimu ya ukoo."

Akasimama. "Ndiyo hiyo hiyo," akasema, na tangu siku hiyo hatukuiita kwa jina jingine.

Mpaka wakati ule, waliotaka utaalamu huo walikuwa wanapelekwa Ulaya, na wengine walikuwa wanaukuta huko na mke na baridi, hawarudi. Chuo chake cha mjini kikaamua kujaribu: asomee hapa hapa, apime familia za Kibaha na Kisarawe, na mwisho Profesa aje kumtahini ndani ya maabara yetu. Akifaulu, wengine wangemfuata. Akishindwa, basi. Yeye alikuwa ndiye jaribio.

Mkude hakumbembeleza. Alimpa ndoo. "Shahada yako ya kwanza ya hapa ni chupa," alisema. Daktari akakunja mikono ya koti akaosha, akavunja, akaosha tena. Ndani ya lile sanduku la bati mlikuwa na mashine ya kukimbiza damu kwa umeme. Unaosha seli, unazipasua kwa maji ya mvuke, unapaka maji yake mekundu kwenye utepe wa karatasi maalumu, unautandika juu ya beseni la dawa, unawasha umeme. Damu ya kawaida inakimbia mbele. Ya mundu inachechemea nyuma. Ukitia rangi unaona mistari. Asiye na mundu mstari mmoja mbele, mgonjwa mmoja nyuma, aliyebeba yote miwili.

Tepe zake za mwanzo zilitoka kama mchuzi uliomwagika kwenye mkeka. Dawa ilikuwa kali mno, umeme ulikuwa unapumua, utepe ukaungua. Alijifungia stoo. Akatoka macho mekundu, akasema, "Tunaanza upya," na hakuna aliyemuuliza alikuwa anatafuta nini stoo. Baada ya wiki nyingi za hivyo mistari ikaanza kusimama, myembamba, imenyooka. Akapima damu ya Mkude, mstari mmoja. Akapima yangu, ikatoka miwili.

"Hongera, Kondo," akasema. "Umebeba."

"Nitakufa lini?"

"Ukigongwa na lori la korosho. Kwa hii huumwi."

Kuanzia hapo kila utepe uliwekwa damu ya Mkude upande mmoja na yangu upande mwingine, kama vipimo vya kulinganishia. Nimefanya kazi nyingi serikalini, lakini ile ya kuwa kipimo ndiyo niliyoifanya bila kuchelewa hata siku moja.

Nusu ya masomo yake ilikuwa barabarani. Dutumi, Mzenga, vijiji vya ndani ambako Landrova ilikuwa inafika ikiwa imebeba majani zaidi ya abiria. Dutumi walitufungia milango. Watu wenye chupa za damu, mnajua walituita nani: mumiani. Balozi wa nyumba kumi mwenyewe alijificha ghalani. Ikabidi nikae uwanjani, nikunje mkono, Daktari anitoe damu mbele ya watoto, nami niangue kilio cha uongo kisha niombe muhogo wa kuchoma. Watoto wakacheka, mama zao wakachungulia, tukaanza kazi. Kila chupa nilibandika plasta na kuandika kwa penseli, kwa sababu wino ukiguswa na barafu unakimbia. Jioni Daktari alichora ukoo kwenye karatasi kubwa. Wanaume viboksi, wanawake viduara. Mgonjwa anapakwa weusi mzima, aliyebeba nusu. Nilimuuliza mbona sisi wanaume ni maboksi, akasema angalia tu vichwa vyenu.

Sasa nafika Mzenga.

Kulikuwa na binti anaitwa Zena, anasoma shule ya msingi, mcheshi, lakini kila masika analazwa kwetu. Baba yake Shomari, mkulima, mtu wa maneno machache. Mama yake Mwajuma, mwanamke kijana, mkono mwepesi, mtoto akiumwa alikuwa analala sakafuni chini ya kitanda cha hospitali wala hakubali kupokezana na mtu. Tulikwenda kwao tukachukua damu za wote watatu. Daktari akauliza kama kawaida, "Mama mzazi ni wewe?" Mwajuma akajibu, "Mimi," Zena akiwa amemlalia pajani. Tukaandika.

Utepe ulipokauka, Zena alikuwa na mstari mmoja wa nyuma. Mgonjwa, tulishajua. Shomari miwili. Amebeba. Mwajuma mmoja, mbele, safi kama wa Mkude.

Kwa bahati mbaya wiki hiyo hiyo Profesa alikuja kukagua. Alikuwa mtu wa Kaskazini, sauti ya upole, maneno kama msumeno. Akaweka kidole kwenye kiduara cha Mwajuma.

"Mtoto ana miundu miwili. Mmoja kampa baba. Wa pili kampa nani?"

Daktari akainama kuuangalia utepe tena.

"Mmechanganya chupa," Profesa akasema. "Kama mmechanganya hizi, nitaaminije zile nyingine zote? Nitakuja kukutahini mwisho wa muhula. Swali la kwanza litakuwa hili. Ukikosa jibu, kazi ya mwaka imekwenda, na hapa hatutaleta mwanafunzi mwingine."

Alipoondoka, Mkude alinigeukia. Hakunipigia kelele, ingekuwa afadhali. "Kondo, plasta ziliandikwa na nani?"

"Na mimi. Na sikukosea."

"Basi kosa liko wapi?"

Nikasema ni umeme. Daktari akatikisa kichwa. "Umeme ungekosea utepe mzima, si mama peke yake." Tukarudi Mzenga kuchukua damu upya. Mkude akazipa chupa alama zake mwenyewe, akamkabidhi Daktari bila kumwambia ipi ya nani. Akazikimbiza. Majibu yakawa yale yale.

Tulikaa kwenye ngazi za nyuma, pale mnapoanika makoti. Daktari alikuwa anang'ata kalamu.

"Kondo, baba wa mtoto anaweza kuwa mwingine. Hiyo inatokea hata Ulaya, na wanaita jina la kistaarabu. Lakini hapa baba hana tatizo. Tatizo ni mama. Mwajuma hana mundu wa kumpa mtu. Hakumzaa Zena."

"Daktari, neno hilo usilitamke Mzenga."

"Kwa nini?"

"Kumwambia mwanamke wa kwetu mtoto huyu si wako ni kumvua nguo gulioni. Mimi ni mtoto wao. Nikiuliza hivyo nimetukana ukoo, hata maji ya kunywa sitapewa. Na kama kuna jambo wazee wamelifunika, wamelifunika kwa sababu."

 Daktari akanigeukia taratibu.

"Wewe ni mtoto wao. Mimi je? Mnyamwezi kwa Wazaramo ni nani?"

 "Mtani."

"Mtani anaweza kusema nini?"

"Mtani anasema lolote. Anaweza kuingia msibani akalala juu ya jeneza."

"Washa gari," akasema.

Njia nzima kutoka Mlandizi nilikuwa namwomba Mungu gari lizime. Halikuzima. Tuliwakuta uani wanamenya mihogo: Mwajuma, Zena, na Bibi Tatu, mama yake Mwajuma, aliyekuja kukaa na bintiye. Shomari alikuwa shamba la kijiji. Daktari hakubisha hodi ya kawaida. Alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Hodi humu, watumwa wangu! Mmeacha kucheza ngoma leo mnafanya kazi? Nani kafa?"

Bibi Tatu akainua kichwa, akamwangalia, uso ukafunguka kama dirisha. "He! Mnyamwezi! Kumbe wewe mtani na siku zote unajifanya serikali! Mzigo wako umeutua wapi, mpagazi we?"

"Nimekuja kuuchukua." Akamshika Zena mkono, akamsimamisha. "Huyu! Huyu si wenu. Tazama pua, ya Tabora hii. Mmemwiba nyie, mmemwiba na mihogo yenu. Leo naondoka naye."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Landrova. Sioni haya kusema nilikuwa nyuma ya Landrova.

Zena alicheka mpaka akajikunja. "Bibi, naenda Tabora kula asali!" Bibi Tatu akapiga makofi, akasema kama ni wizi basi alipe ng'ombe. Mwajuma naye alicheka. Akacheka, akacheka, kisha kile kicheko kikabadilika kikiwa bado mdomoni, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Zena," akasema, "nenda kwa mama Hadija ukaniombee chumvi. Na ukae ucheze kidogo."

Mtoto akaondoka akirukaruka. 

"Mtani, umepiga pale pale," Mwajuma akasema. "Sikumzaa. Ni wa dada yangu mkubwa. Alizaa watoto kabla yake, wote wakafa kwa ugonjwa huu huu. Akamzaa Zena, naye mwenyewe akafariki mtoto hajajua kukaa. Wazee wakanileta nishike nyumba. Wakasema mtoto asiambiwe mpaka atakapokuwa mwali, ndiyo atafundishwa yote, na hili likiwamo."

"Mbona hukutuambia siku ile?"

"Mliniuliza naye yuko pajani kwangu. Ningesemaje?"

Daktari akaketi chini kwenye mkeka, bila utani sasa. "Nisamehe."

"Mtani hana kosa," Bibi Tatu akasema. "Ungekuwa mwingine ningekufukuza kwa mwiko."

Lakini Mwajuma alikuwa hajamaliza. Akashusha sauti. "Na mimi sijazaa. Watu wanadhani sizai. Nakunywa mizizi nisishike mimba. Niliona dada alivyozika, mmoja baada ya mwingine. Tumetoka tumbo moja, damu yetu ni moja, nami nitazika vile vile. Sasa mashemeji wamechoka. Wanasema mavuno haya Shomari anatafutiwa mke mwingine."

Daktari alikuwa amekodoa macho. Akaokota kunde kwenye ungo, nyekundu na nyeupe, akazipanga mbili mbili kwenye mkeka. Kila mtu ana kunde mbili, akasema. Mtoto anachukua moja huku, moja huku. Dada yako alikuwa na nyekundu moja, lazima. Shomari anayo moja. Wewe, kwa nilivyoona, zako zote nyeupe.

"Kwa hiyo mimi nikizaa na Shomari?"

"Mtoto akichukua nyekundu ya baba, kwako atachukua nyeupe. Ataibeba tu, kama Kondo anavyoibeba."

Mwajuma akanitazama. "Kondo anayo? Mbona kanenepa hivyo?"

"Lakini sikiliza," Daktari akasema, akamshika mkono. "Usiache mizizi leo. Mimi bado ni mwanafunzi, na mwalimu wangu anasema nimekosea. Siwezi kukuambia zaa kwa neno la mwanafunzi. Njoo Kibaha siku ya mtihani. Tutapima mbele yake. Na niruhusu nimweleze."

"Mweleze. Ila Zena asisikie kabla ya siku yake."

Kabla hatujaondoka tulichukua na damu ya Bibi Tatu. Alinyoosha mkono akisema, "Chukua mpagazi, lakini hii usiiangushe njiani." Ikatoka mistari miwili. Yeye ndiye aliyebeba. Binti mmoja kampa, mwingine hakumpa.

Mnaona basi. Mtihani ulikuwa wa mmoja, lakini waliongoja majibu walikuwa wawili.

Siku yenyewe Mwajuma alikuja na lori la ushirika, amevaa kanga mpya, akakaa kwenye benchi la nje. Profesa alifika amenyoosha suti ya Kaunda. Mkude alikuwa amevaa tai, sikuwahi kuiona kabla wala baada. Daktari akaeleza kila kitu, dada aliyefariki, mtoto, Bibi Tatu. Profesa akasikiliza, akasema, "Hadithi nzuri. Sasa nionyeshe damu."

Akamtoa Mwajuma damu kwa mkono wake mwenyewe. Akachanganya chupa hiyo na nyingine alizoleta toka mjini, akazipa herufi anazozijua yeye. Daktari akaosha seli, akapaka utepe, akawasha. Damu zikaanza kutembea. Zilipofika katikati, umeme ukakatika.

 Nyie wa leo mna bahati, hamjui balaa lile. Umeme ukikatika mistari inaanza kuyeyuka kama rangi kwenye nguo iliyoloa. Profesa akaangalia saa. Mkude akavua tai, akaiweka mezani, akatoka. Nikamsikia anamfokea mtu wa jenereta ya chumba cha upasuaji, mtu aliyekuwa analinda dizeli yake kama dhahabu, na wakati ule kweli ilikuwa dhahabu. "Ndani mle anazaliwa mtaalamu!" alipiga kelele. "Na atakaowapima si wagonjwa wako? Washa!"

Ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.

Daktari hakujaribu kuokoa ule utepe. Aliutupa. Hapo nikamwona Profesa kwa mara ya kwanza anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kidogo tu. Daktari akaanza upya. Alipomaliza kutia rangi akauinua kwenye dirisha, akasoma herufi moja moja bila haraka. Alipofika kwenye moja akasema, "Huyu ana mstari mmoja, wa mbele. Hana mundu kabisa."

Profesa akatoa kikaratasi mfukoni, akakiangalia, akakirudisha. "Huyo ni Mwajuma," akasema. "Na nyingine zote umepatia."

Mkude akapiga meza kofi, vioo vikaruka. Profesa hakumaliza. Alimuuliza maswali ya vitabuni mpaka mchana, nami sikuyaelewa, ila nilielewa kuwa yeye anauliza taratibu zaidi na Daktari anajibu haraka zaidi. Mwisho akafunga kalamu.

"Lile la Mzenga ulilijuaje? Limeandikwa wapi?"

"Halijaandikwa, Profesa. Mimi ni mtani wao. Nilikwenda kuwaiba mtoto."

Akamtazama muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko cha mtu asiyekizoea. "Limebaki swali moja, na ndilo lenye maksi nyingi. Lipo nje kwenye benchi. Kalijibu."

Daktari Nyamizi akatoka. Sisi sote tukajazana mlangoni, Profesa mbele. Alichuchumaa mbele ya Mwajuma akazungumza kwa sauti ndogo, yeye asiyejua sauti ndogo. Mwajuma aliuliza kitu. Daktari akajibu. Akauliza tena kile kile. Daktari akajibu tena vile vile. Kisha Mwajuma akasimama, akatupa kichwa nyuma, akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wa wodini wakatoka na dripu zao kuangalia ni harusi ya nani.

"Umefaulu," Profesa akasema, lakini hakuna aliyemsikia.

Hakukuwa na mke mwingine Mzenga mavuno yale. Daktari Nyamizi alivaa koti la mtaalamu, akabaki nasi, na chuo kikaanza kutuletea madaktari wa kusomea elimu ya ukoo, mmoja akitoka mwingine anaingia. Mkude aliwapa wote ndoo.

Mtoto wa kiume wa Mwajuma alizaliwa salama. Alipoota meno akaletwa. Daktari Nyamizi hakumpima yeye. Alimpa kazi mwanafunzi wake mpya, daktari kijana aliyekuwa ameunguza tepe zake zote za mwezi huo, naye akasimama nyuma yake mikono mgongoni. Utepe ukatoka umenyooka, mtoto ana mstari mmoja, wa mbele. Yule kijana alitabasamu mpaka masikioni, akageuka huku na huku, majibu mkononi.

"Nimpe nani, Daktari?"

Mlangoni alikuwa amesimama Mwajuma, amembeba mtoto mgongoni, hawezi kuingia, hawezi kuondoka.

"Mpe mama yake," Daktari akasema.